Hesabu ya Kinyumenyume

Bweni la Wanawake, Chumba namba 14
9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa Mama, ambaye najua yuko hapo pembeni unamsomea, kwa hiyo nianze naye kabisa: Mama, shikamoo, mwanao ni mzima, nakula, nalala, na lile blanketi ulilonilazimisha kubeba nimeona maana yake. Magoti yananisumbua kidogo kwa sababu ya ngazi. Hilo la magoti usimsomee. Haya, najua umeshalisoma.

Nimepewa chumba cha peke yangu kwa heshima ya umri. Ukitaka kufungua mlango lazima kwanza upande kitandani, maana mlango uliofunguka na mtu aliyesimama havienei sakafuni kwa wakati mmoja. Wasichana wa vyumba vya jirani wananiita Mama, isipokuwa wakija kuazima pasi, hapo ghafla nakuwa Dada. Nina miaka arobaini na saba na sijawahi kuonekana mzee hivi wala kupendwa hivi kwa ajili ya pasi.

Sasa habari yenyewe. Imebaki kozi moja tu, Aljebra Dhahania ya mwaka wa tatu, ile ambayo wanafunzi wanaitaja kwa sauti ya chini. Mwaka jana waliingia arobaini na mmoja, wakafaulu kumi na wanane. Likizo yangu ya masomo inakwisha mwisho wa Julai, na mkuu wa shule ameshaniandikia kwamba haitakuwepo nyingine. Nikifaulu narudi na shahada na nafundisha madarasa ya juu. Nikifeli narudi vilevile nilivyoondoka, baada ya kuwaaga watu wote kwa hotuba. Unaikumbuka hotuba ile, ulikuwepo, ilichukua nusu saa.

Lakini sina wasiwasi hata chembe. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na minne, sitatishwa na kitabu. Usidhani ni aljebra ile ya kutafuta x. Huku namba zenyewe wamezifukuza. Unachukua mkusanyiko wa vitu, vyovyote utakavyo, na njia moja ya kuunganisha viwili kupata kingine. Ukiviunganisha usitoke nje ya mkusanyiko wako. Vikiwa vitatu, kuvipanga kwa mabano huku au kule kusibadili jibu. Kiwepo kimoja kisichobadili chochote, na kila kimoja kiwe na kinyume chake cha kukifuta. Masharti hayo yakitimia, unaliita kundi. Basi! Kitabu kizima cha kurasa mia nne kinatoka hapo.

Mhadhiri wetu ni kabinti ka miaka ishirini na tisa hivi, tunamwita Daktari. Siku ya kwanza alidhani mimi ni mkaguzi, akanikaribisha kiti cha mbele. Nikakaa hapo na sijahama.

Najua haya hayakuhusu, wewe na hesabu mliachana zamani. Nakueleza tu ili umhakikishie Mama kwamba nasoma kweli.

Dadako,
Mwalimu


28 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imefika baada ya siku kumi na moja, ikiwa na alama ya kiatu. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, anasema pasi ni mali, usiwape bure.

Mama nimemsomea yote pamoja na magoti. Anasema upake mafuta ya moto, na kwamba ngazi upande upandeupande. Halafu amesema neno jingine na ameniamuru niliandike kama lilivyo. Amesema: "Mwalimu anasoma mpaka uzeeni, na huyu wangu wa kiume aliacha shule ana miaka kumi na minne kwa uvivu tu." Nimemwambia nimeandika. Na kweli nimeandika.

Kazi ipo. Nimeletewa pampu ya kiwanda cha sabuni, ina povu kila mahali, ukiigonga inatoa mapovu kama mtoto. Watu wa kiwanda wanakuja kila siku kuuliza imefikia wapi. Nawaambia pampu haiharakishwi kwa kuangaliwa.

Nina swali moja. Hicho kitu kisichobadili chochote, kwenye kundi lenu, kina kazi gani hasa? Nimelifikiria siku mbili. Mke wangu anasema yeye anamjua mtu wa namna hiyo na bado wanamlipa mshahara.

Mdogo wako,
Fundi


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mama mpe shikamoo yangu na umwambie upandeupande umesaidia.

Swali lako limenichekesha halafu likanifanya nifikiri. Kazi yake ni hii: bila hicho kisichobadili chochote huwezi kujua kama umefuta kitu kikaisha. Ukifanya jambo, kisha ukalitengua, unataka urudi pale ulipokuwa. Hapo ulipokuwa ndipo hicho kilipo. Mwambie wifi yangu mtu wake hana kazi hiyo.

Jaribio la kwanza limepita. Maswali matano kwa saa mbili. Niliandika kurasa nane, vijana wengine waliandika mbili. Nilipiga mistari kwa rula.

Huyu Daktari ni hodari, simnyimi haki yake, lakini ana ukali wa mtu asiyejua bado maisha. Hajui kwamba mwanafunzi hupewa alama ya jitihada. Yeye unaandika ukurasa mzima mzuri, mwandiko wa kuvutia, halafu anapiga duara dogo jekundu kwenye mstari wa tatu, na kuanzia hapo hasomi tena. Ameniandikia: "Nani amekuruhusu?" Basi, maneno hayo tu. Mimi! Nimemuuliza kwa upole kama amewahi kufundisha watoto. Akasema hapana. Nikasema inaonekana.

Hali ya hewa nzuri. Chakula cha hapa hakina chumvi.

Dadako,
Mwalimu


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Mama mzima. Mafua yalimshika wiki moja, akayashinda kwa kuyasema vibaya.

Umeandika mwandiko, rula, kurasa nane, hali ya hewa na chumvi. Hukuandika ulipata ngapi. Wewe! Wewe uliyekuwa unatuambia alama zako kabla hujavua viatu. Mama ameuliza, nikamwambia sehemu hiyo imelowa haisomeki. Mimi siulizi. Naona tu.

Nikueleze kilichonipata. Unajua utaratibu wangu wa kazi, au hujui, hujawahi kukaa karakana kwangu zaidi ya kunywa maji. Nikifungua pampu, natandika shuka kuukuu mezani. Kila ninachotoa nakiweka kwenye mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza kifuniko, kisha gasketi, kisha pangaboi, kisha sili, kisha beringi. Nikimaliza kusafisha, naanza kurudisha kutoka kulia. Beringi ilitoka mwisho, inarudi kwanza. Kifuniko kilitoka kwanza, kinarudi mwisho. Hakuna siri nyingine kwenye kazi yangu. Mtu akiniuliza nilisomea wapi namwonyesha shuka.

Sasa Ijumaa nimeenda kununua grisi. Mama akaja karakana, akaona meza chafu, akaona aibu kwa ajili yangu. Akakusanya vipande vyote vya pampu ya sabuni kwenye beseni, akaviosha vizuri, akavianika, akaifua na shuka. Narudi, ananionyesha kwa furaha. Kila kipande kipo, Dada, kinang'aa, hakuna hata nati moja iliyopotea. Lakini pampu haipo. Beringi nne zinafanana kwa macho ila kila moja ina mahali pake. Nimetumia siku tatu kuirudisha, na watu wa kiwanda wamesimama mlangoni. Mama anasema nimemnunia. Sijamnunia, nilikuwa nafikiri.

Huyo Daktari wako alipokuuliza nani amekuruhusu, ulikuwa umefanya nini?

Fundi


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Karatasi hii ya kwanza ni yako, usimsomee Mama. Ya pili ndiyo yake, nimemsifu kwa usafi.

Nilipata ishirini na mbili. Kwa mia. Sijawahi kuiandika namba hiyo nikiwa mimi ndiye mwenye nayo. Nimewaandikia wengine tu. Nilipoiona nilikunja karatasi mara nne nikaiweka ndani ya kiatu, sijui kwa nini kiatu. Wale wasichana wa pasi walipata hamsini, sitini, mmoja themanini na tatu. Walikuja kuniuliza mimi nimepata ngapi nikawaambia Daktari hajamaliza kusahihisha yangu kwa sababu ni ndefu.

Umeuliza nilifanya nini. Swali lilisema: ukiunganisha vitu viwili vya kundi, kwanza hiki kisha kile, kinyume cha muungano huo ni kipi? Nikajibu bila kupepesa: kinyume cha hiki, kisha kinyume cha kile. Nikathibitisha kwa kubadilisha nafasi zao, hiki kikawa nyuma na kile kikawa mbele, na mwisho nikaongeza mfano wa tatu na tano ili aone jibu linakubali. Duara jekundu lilikaa pale nilipobadilisha nafasi. Nani amekuruhusu! Na kweli, tafuta kwenye masharti yote ya kundi, hakuna palipoandikwa kwamba mpangilio haujalishi. Mimi ndiye niliyeuleta kutoka nyumbani. Miaka ishirini na minne nawaambia watoto tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu, nikasahau kwamba hiyo ni tabia ya namba, si sheria ya dunia.

Nilikuwa nimekwama hapo wiki tatu nikibishana na kitabu. Halafu imekuja shuka yako. Nimesoma barua yako nimesimama posta, nikarudia, nikacheka peke yangu mpaka karani akaniangalia. Kutoka kulia! Kinyume cha kwanza-hiki-kisha-kile ni kufuta kile kwanza, ndipo ufute hiki. Kilichotoka mwisho kinarudi kwanza. Nimekwenda ofisini kwa Daktari siku hiyohiyo nikamweleza kwa pampu. Akasema, "Huyo ndugu yako amesomea wapi?" Nikamwambia, hakusoma, aliacha mwenyewe.

Nani alikufundisha kufanya hivyo? Ajabu kwamba mtu aliyeshindwa kukaa darasani kwa uvivu awe na kichwa kilichopangika namna hiyo. Ungejikaza kidogo tu wakati ule, leo tungekuwa wawili.

Jaribio la pili ni mwezi ujao. Nimeshapiga moyo konde. Nitalipita.

Dadako,
Mwalimu


20 Mei

Mdogo wangu,

Wiki ya sita hii sina barua yako. Nimeuliza posta mara nne, karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama kuna mgonjwa niambie, mimi si mtoto.

Jaribio la pili nimepata sitini na nne. Naiandika mapema ili usije ukasema. Daktari ameandika pembeni, "Sasa unathibitisha." Nilitaka kuikata sehemu hiyo niibandike ukutani, nikakumbuka umri wangu. Mtihani wa mwisho ni tarehe kumi na moja Juni, na ndio unaoamua: jaribio la kwanza limenivuta chini, lazima nipate angalau hamsini na nane.

Andika basi. Hata mistari miwili.

Mwalimu


1 Juni

Dada, shikamoo.

Hakuna mgonjwa. Kazi zilikuwa nyingi.

Hongera kwa sitini na nne. Mama nimemwambia, amewaambia majirani kuwa ni tisini.

Uliniuliza nani alinifundisha. Hakuna aliyenifundisha, ndivyo nilivyo. Nakuandikia kitu kimoja, ukiwa na nafasi kiangalie:

Nafikiria namba. Nikiizidisha kwa tatu, kisha nikaongeza tano, napata ishirini na sita. Namba hiyo ni ipi?

26 toa 5 ni 21.
21 gawa kwa 3 ni 7.
Namba ni 7.

Nakutakia mtihani mwema.

Fundi


19 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii usimsomee mtu.

Nimefaulu. Sabini na moja. Naliondoa hilo kwanza kwa sababu najua ungeliruka-ruka kulitafuta, na nisingependa ulifikie ukiwa umeshanikasirikia. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa la kundi ambalo kila kitu kilichomo kinajifuta chenyewe: ukikifanya mara mbili umerudi ulipoanzia. Tuonyeshe kwamba katika kundi hilo mpangilio haujalishi. Nilicheka ndani ya mtihani, msimamizi akanitolea macho. Nikatandika shuka. Hiki kisha kile, ukiviunganisha, nao muungano huo umo kundini, kwa hiyo unajifuta wenyewe, yaani ni kinyume chake wenyewe. Lakini kinyume chake kinasomwa kutoka kulia: kinyume cha kile, kisha kinyume cha hiki. Na kwa kuwa kila kimoja ni kinyume chake chenyewe, hicho ni kile kisha hiki. Basi, vimelingana. Mistari mitatu. Mimi niliyekuwa naandika kurasa nane! Na safari hii nilikuwa na ruhusa ya kila hatua.

Sasa hilo lingine.

Namba yako saba ilinifikia siku tatu kabla ya mtihani. Niliisoma mara ya kwanza nikadhani unanipima. Mara ya pili nikaijua. Ni swali langu. Mimi ndiye niliyeliandika ubaoni, muhula wangu wa kwanza kazini, nina miaka ishirini na mitatu, sketi mpya, sauti ya juu kwa sababu naogopa. Na wewe ulikuwa dawati la pili karibu na dirisha. Nilitaka muweke x, mwandike mlinganyo, mhamishe pande, kama nilivyofundishwa mimi chuoni wiki chache kabla. Ukaja ubaoni ukaandika mistari ile mitatu. Hapakuwa na x. Nikakupa sifuri.

Ulikuwa sahihi. Si jibu tu, njia nzima. Zidisha kisha ongeza. Kulitengua ni kutoa kwanza, ndipo ugawe. Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulikuwa unafanya jambo ambalo mimi nimelipatia cheti mwezi huu, baada ya kuonyeshwa na wewe. Sikuliona kwa sababu halikufanana na langu. Nimekaa nikijiuliza ni watoto wangapi wengine katika miaka hii ishirini na minne, na sipendi jibu.

Nisamehe kwa ile sifuri.

Dada


3 Julai

Dada, shikamoo.

Hongera. Nimefurahi kweli, usidhani sikufurahi. Nilipofika kwenye sabini na moja nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka na mwiko. Nimefurahi kwamba shuka imefika chuo kikuu.

Kuhusu lile jambo. Umekumbuka vizuri, ila umeacha kitu. Sifuri sikuijali, Dada. Nilipata sifuri nyingi kabla yako na nyingine nilistahili. Ulicheka. Ulisema, "Tazameni, huyu anatembea kinyumenyume," ukacheka, na darasa lote likakufuata. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Kinyumenyume. Uwanjani, bombani, njiani. Mwalimu angekuwa mwingine ningevumilia. Ulikuwa wewe. Niliomba nihamishiwe darasa lako kwa sababu ulikuwa dada yangu, nilikuwa najivunia wewe kuliko mtu yeyote pale. Nilikaa wiki mbili nikaacha.

Nimeshakusamehe, na si leo, ni zamani. Ulikuwa mtoto mwenye sketi mpya. Kazi yangu naipenda na siionei haya, na hakuna mtu mji huu anayefungua pampu nisiyoweza kuifunga. Usinihurumie.

Kinachoniuma ni Mama. Siku niliyoacha alinichapa, akalia, na tangu hapo mimi ni mvivu na wewe ni Mwalimu. Kila barua yako nikimsomea, mwishoni ananiangalia kwa huruma ile. Ulikuwa unajua, na mwezi wa nne umeniandikia neno lilelile kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana sikukujibu wiki sita. Pampu zilikuwa chache.

Mdogo wako


12 Julai

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Barua hii ni yako, na anayekusomea ndiye inayemhusu, kwa hiyo akinyamaza katikati mwambie aendelee. Na wewe mdogo wangu, usiruke mstari.

Mama, nilikuwa nacheka na kujisifu kwenye barua zangu zote, leo sina la kujisifia. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mwanao alikuwa darasani kwangu. Niliandika swali ubaoni. Alikuja mbele akalijibu kwa njia yake mwenyewe. Mimi sikuielewa njia ile, nikaona haya kutoielewa, na badala ya kumuuliza nikamcheka mbele ya watoto hamsini. Nikamtungia jina. Walimwita jina hilo mpaka akaacha shule.

Hakuacha kwa uvivu. Mimi ndiye niliyemwondoa. Wewe ulimwadhibu yeye na kunisifu mimi, na nilikaa kimya kwa sababu sifa ni tamu. Nimejifunza mengi huku, Mama, lakini shahada hii nimeipata kwa kitu alichokuwa anakijua yeye siku ile, na niliyemdhihaki kwacho ni yeye.

Jibu lake lilikuwa sahihi. Na njia yake ilikuwa sahihi.

Nafika nyumbani tarehe ishirini na nane. Sitaki sherehe wala hotuba.

Mwanao


22 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeisoma jana alasiri. Mama alikuwa kitandani kwake anakunja nguo, nikakaa kwenye kigoda mlangoni ili nipate mwanga. Nilidhani ni barua ya kawaida. Nilipofika kwenye "anayekusomea ndiye inayemhusu" nilitaka kwenda kumwita mke wangu asome yeye, Mama akasema, "Umeambiwa uendelee."

Nikaendelea. Sikuruka. Kwenye lile la jina nikajifanya nakohoa, akanipa maji. Alipolisikia la uvivu aliacha kukunja, akabaki ameshika shati langu la kazi mikononi. Nikafika kwenye jibu na njia. Akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia. Akauliza ulikuwa mwaka gani, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. Alilia kidogo, Dada, sitakuficha. Halafu akavuta kigoda changu karibu na kitanda, mimi nikiwa juu yake, na nguvu ile sijui ameitoa wapi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayekagua tikiti.

"Rudia tena," akasema.

Mara ya tatu sikuitazama karatasi.

Fundi